Mtaalamu Sungura na Moyo wa Mama Kidani

Sikilizeni upesi, maana kisa hiki ni kifupi ila kiu yake ilikuwa ndefu. Mvua ilikataa misimu miwili, mabwawa yakabaki nyufa tupu, na maji yakasalia pahali pamoja tu, chemchemi ya Simba, ng'ambo ya nyika. Simba, ambaye hawezi kuitikia hata salamu kabla hajatengeneza manyoya ya shingo, akatangaza mashindano. Kila mnyama wa kwato abebe mpandaji, na watakaofika chemchemini kabla ya jua kuzama watakunywa, wao na nyumba zao, hadi masika.

Farasi mmoja, Mama Kidani, alisikia tangazo akimnyonyesha mwanawe, maziwa yakitoka kwa matone, leo matone, kesho je, na keshokutwa? Akasema atakwenda, akatafuta mpandaji.

Bahati iliyoje, akampata mtaalamu. Sungura alikuwa ameendesha semina tatu kuhusu safari ndefu, zote kivulini. Alijua jinsi ya kukaa, jinsi ya kushika hatamu na, zaidi ya yote, jinsi ya kuvaa kofia.

"Umewahi kupanda, Bwana Sungura?" Mama Kidani aliuliza.

"Mama, mimi nafundisha wapandaji. Kupanda ni kazi ya wanafunzi."

Asubuhi ya mashindano Mama Kidani aliamka, akageuka kulia, akageuka kushoto, Kidani hayupo.

"Yuko kwa Mjomba Fisi, nyuma ya kilima," Sungura alisema, akifuta vumbi kwenye kofia. "Anapenda sana watoto."

"Najua anavyowapenda."

"Basi utakimbia vizuri. Tukiwa wa kwanza utamkuta mzima. Ukilegea, au ukifungua mdomo, napuliza filimbi hii na Fisi anaanza kula. Inaitwa motisha. Iko kwenye semina ya pili."

Mama Kidani alikimbia, tena si mbio za miguu, mbio za tumbo, akawapita nyumbu, akawapita pundamilia. Mlimani akampita Punda. Mpandaji wake, Ngedere, alikuwa ameshuka anatembea kando yake.

"Mwone huyo," Sungura alicheka. "Kapewa usafiri, anakwenda kwa miguu."

"Kilima kikali, bwana," Ngedere alijibu. "Tumegawana."

Chini ya kilima palikuwa na kituo cha Bi Korongo, mkaguzi. Alikuwa na kibuyu chenye tundu, amekijaza mchanga. Mchanga ukianza kumwagika, yeye husikiliza kifua. Ukiisha kabla moyo haujatulia, safari imekwisha. Sungura akajitanguliza, akatoa kifua chake.

"Si wewe, baba," Bi Korongo alisema. "Aliyekimbia."

Akaweka sikio kwa Mama Kidani. Mchanga ukamwagika, nusu, robo, na moyo bado unapiga kama mchi kinuni.

"Ajabu," Bi Korongo alisema. "Pumzi imerudi, jasho limekauka, miguu mizima. Moyo huu haukuchoka, unaogopa. Mwanangu, unaogopa nini?"

"Ni wa ukoo," Sungura alidakia. "Kwao wote waoga."

Mama Kidani akaitazama filimbi, akautazama mchanga. Akisema, mwana ataliwa. Asiposema, moyo hautatulia, watatolewa, na mwana ataliwa vilevile.

"Mwanangu yuko kwa Fisi," alisema. "Huyu ndiye aliyempeleka."

Sungura akaipeleka filimbi mdomoni. Mama Kidani akatikisa mgongo mara moja tu. Filimbi ikaenda upande wake, kofia upande wake, na mtaalamu akaenda kwenye miiba. Farasi alikuwa ameshazunguka kilima.

Alimkuta Kidani hai, kwa sababu moja tu, uroho wa Fisi. Alikuwa amemtandikia majani.

"Kula, mjomba," Fisi alikuwa akibembeleza. "Hivi ulivyo ni mifupa. Ongeza paja kidogo."

Hakumaliza. Teke la mama lilimwachia meno machache kuliko aliyoamka nayo.

Bi Korongo akatua na kibuyu chake, akaweka sikio, Kidani akiwa amejibana ubavuni mwa mama yake. Mchanga haukufika nusu.

"Umepita. Ila Mfalme anataka mpandaji." Akapanda mgongoni, akiyumba. "Mimi si mtaalamu, mwanangu. Nikikuumiza, sema."

Wakaenda mwendo wa mtoto, na kila penye mlima Bi Korongo alishuka. Walipofika jua lilikuwa limeshagusa vilele, na Punda na Ngedere wameshakunywa zamani.

"Umekuwa wa mwisho," Simba alisema, akitazama pembeni.

"Nimefika, Mtukufu," Mama Kidani alisema, na Kidani akaingiza pua majini.

Sungura alifika kesho yake, kwa miguu, bila kofia. Simba akamkumbusha kuwa jua lilizama jana. Bi Korongo, kwa mazoea, akaweka sikio kifuani pake.

"Moyo unakwenda mbio sana, baba. Unaogopa nini?"

"Fisi," Sungura alisema, akiangalia nyuma. "Anadai meno yake kwangu."

Kisha akatimua mbio tena, na inasemekana safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko semina zote tatu.

Tangu hapo, nyikani kote, anayetaka kuitwa mtaalamu wa safari ndefu haulizwi habari za kofia. Anaulizwa mnyama wake anaogopa nini, na asiyejua anaambiwa ashuke.