Maji ya Karela ya Bi Kazija

Uchungu umeumwaga, dawa utaipata wapi?

Methali hii ilianza hivi, na kaeni chini, msinisimamie kichwani kama askari. Nimewatuma kliniki mkanichukulie majibu ya sukari yangu, mmerudi mnaniambia, "Mazuri tu, bibi," huku mnatazamana. Nimewajibu kwa methali, sasa mwataka kujua imetoka wapi. Haya.

Hapa hapa Wete, mama yenu hajazaliwa, alikuwapo Mzee Makame, mshona kofia. Bwana harusi akikosa kofia ya Makame, alikuwa radhi kusogeza harusi. Basi sukari ikamshika. Watu walijua kwa sisimizi waliokuwa wakijikusanya chooni kwake. Macho yakaingia ukungu, ikawa uzi anautunga hewani, sindano iko kule. Na mshona kofia asiyeona atakula nini? Kazi nyingine hakuwa nayo, wala mtoto wa kumlisha.

Mkewe, Bi Kazija, akaenda kwa Bi Mize, mganga wa miti shamba. Bi Mize akampa karela, lile tunda la kijani lenye ngozi ya vipele, chungu kama shubiri.

"Liponde, anywe maji yake kila asubuhi. Nguvu yake imo kwenye uchungu. Na umwambie, asipoacha halua atakuwa kipofu."

Sasa Kazija alikuwa mpishi, na mpishi ana mazoea yake. Karela ikiingia jikoni hukatwa, hupakwa chumvi, huachwa itoe maji, kisha hukamuliwa mpaka ule uchungu uishe, ndipo ikaangwe. Naye ndivyo alivyofanya! Maji akayamwaga mferejini, makapi akayaponda na maji safi, akatia na asali juu yake. Eti mapenzi. Mapenzi gani hayo, jamani? Makame akanywa, akalamba na midomo.

"Dawa hii tamu," akasema.

Macho yakazidi kufifia. Makame akawa anakaa barazani kumtukana Bi Mize mbele ya wapita njia, mwongo, tapeli, hajui dawa. Habari zikamfikia mwenyewe. Akaja na hasira zake moja kwa moja mpaka jikoni, akamkuta Kazija na karela mkononi, anakamua.

"Unafanya nini, Kazija?"

"Natoa uchungu, Bi Mize. Mgonjwa hauwezi."

"Uchungu umeumwaga, dawa utaipata wapi?"

Kazija akaiweka karela chini.

"Na maneno yangu ya halua, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ale kidogo kidogo, atapona, inshallah."

"Na upofu?"

"Huo sikuutaja. Ningemvunja moyo."

Bi Mize akapiga viganja kwa mshangao. "Ala! Kumbe hata mimi umenikamua!"

Makame alikuwa amesimama mlangoni, kayasikia yote.

"Kazija, kofia nashona kwa macho, sishoni kwa moyo. Nipe yote, maji na maneno."

Akanywa, akakunja uso, machozi yakamtoka. Sahani ya halua akaisukuma kule. Ikawa hivyo kila siku. Kama ni karela iliyomfaa au ni kule kuacha halua, sijui, mimi si mganga. Ninachojua ni kwamba jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda zake, na halikurudi. La kulia likabaki, akashona kwa hilo hilo mpaka uzeeni. Lakini kila akipapasa kutafuta uzi upande wa kushoto, Kazija alikuwa akiondoka chumbani, hawezi kutazama.

Haya, mmesikia. Wewe Mwanakheri, acha kuchezea pindo la kanga, nitazame. Daktari kasemaje? Na usinikamulie, mjukuu wangu. Uchungu umeumwaga, dawa utaipata wapi?