Gunia Kwenye Kona

Wapendwa, alikuwako bwana mmoja mwenye pikapu. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka na kutazamana, na leo nataka kila mtu atazame mbele. Bwana huyu alikuwa akinunua kabichi za wenzake huko mlimani na kuzipeleka mnadani, na jioni anarudi na pikapu tupu, amechoka, anawaza chakula. Hakuwa mtu mbaya. Sadaka alitoa, misibani hakukosa, na ukimwomba akupelekee mgonjwa hospitali hakukuuliza habari ya mafuta.

Jioni moja, giza limeshaingia na ukungu umeshuka, alipita kwenye kona ya darajani, akafika nyumbani, akala, akalala. Asubuhi jirani yake, nyumba ya pili tu, akakutwa kwenye kona ile pembeni mwa barabara, amekufa. Alikuwa ameanguka na baiskeli. Daktari alisema kilichovunjika ni mguu tu, na kilichomuua ni damu iliyovuja na baridi ya kulala nje. Angepata mtu wa kumwinua mapema, leo angekuwa anatembea na mkongojo na kutuchosha kwa hadithi ya kuanguka kwake. Na jioni ile gari lililopita pale lilikuwa moja. Kila mtu alijua ni la nani.

Bwana yule hakungoja kuulizwa. Alisimama msibani mbele ya watu, macho mekundu, akasema, "Nilipita pale. Sikumwona. Taa zangu ni hafifu, hazina tofauti na kibatari." Alilia kweli, msidhani aliigiza. Mjane akanyanyuka kwenye mkeka, akaenda akamshika mkono.

"Shemeji, usijitese," akamwambia. "Giza lilikuwa giza. Ungemwona ungesimama. Mimi nakujua."

Mnayasikia maneno hayo? Mtu amefiwa na mume, na bado anapata nguvu ya kumfariji aliyempita mumewe njiani. Kwa maneno hayo bwana yule alipaswa kulala usingizi wake wote. Hakulala. Kulikuwa na kitu kidogo kinamkera, nacho ni mguu wake. Alikumbuka kwamba pale kwenye kona mguu ulilegea juu ya pedeli ya mafuta, kisha ukakanyaga tena. Kwa nini ulilegea? Akajiambia ni mashimo ya barabara. Kila alipolala alijiambia ni mashimo.

Mwisho akaona dawa ni taa. Akaenda kwa fundi umeme wa magari, akamwambia anataka balbu za kumwonyesha hata sisimizi akivuka. Fundi akafunga balbu nyeupe upande mmoja na ya njano upande wa pili, wakaielekeza pikapu ukutani. Ile nyeupe ilipendeza, ukuta ukang'aa kama umepakwa chokaa jana.

"Hii ndiyo wanayoigombania vijana," fundi akasema. "Lakini huko kwenu kwenye ukungu itakurudia machoni, na anayekuja mbele yako utampofusha. Chukua ya njano, mzee. Haina mbwembwe, ila inapenya."

Akachukua ya njano, zikafungwa mbili. Lakini ukuta haukumridhisha. Akasema anataka kuzijaribu barabarani, kwenye ukungu wenyewe. Akajaza gunia majani makavu, akafunga mdomo wake kwa kamba, akamwomba fundi waende wote. Jioni, giza lilipoingia, akalilaza lile gunia pale pale alipolala jirani yake. Fundi hakuuliza kwa nini pale. Nani hapajui?

Wakarudi nyuma kwa umbali wa kutosha, wakaja kwa mwendo wa kila siku. Gunia likaonekana tangu mbali, waziwazi, hata kamba yake. Bwana yule akapumua. Mzigo ulikuwa umemtoka kifuani, akakaribia hata kucheka.

"Umeona, fundi? Ningekuwa na taa hizi, mtu yule angekuwa hai."

"Kweli, mzee."

Hapo, wapendwa, angeligeuza gari akaenda zake. Taa nzuri amepata, mjane amemsamehe, mtaa umenyamaza. Alikuwa anatafuta nini tena? Lakini sisi binadamu tukishasamehewa tunataka na ushahidi kwamba hatukukosa. Alitaka kuliona gunia lile likimezwa na giza, alione kwa macho yake likipotea, ili mguu wake umwache apumzike. Akasema, "Zirudishe zile za zamani. Nataka uone nilivyokuwa naendesha kipofu."

Fundi akainama mbele ya gari na tochi mdomoni, akazirudisha. Wakaenda nyuma tena, wakaja kwa mwendo ule ule. Mwanga ulikuwa hafifu kweli. Katika hilo bwana yule hakuwa amedanganya. Kona ikafika. Na gunia lilikuwapo.

Halikuonekana vizuri. Kamba haikuonekana, rangi haikuonekana. Ni kitu tu kimelala pembeni mwa barabara, urefu wake unakaribia wa mtu. Mguu wake ukalegea juu ya pedeli, wenyewe, bila kuambiwa. Na hapo akakumbuka yote. Akakumbuka kwamba siku ile aliona kitu kimelala, na moyo ukamwambia yule ni mtu, naye akaujibu moyo wake, atakuwa mlevi, na nje kuna baridi, na ugali unapoa nyumbani. Kisha akakanyaga mafuta. Alikuwa ameijua habari hii muda wote, wapendwa. Alikuwa ameifukia chini ya lawama za balbu.

"Unaliona, mzee?" fundi akauliza polepole.

Ninyi mngejibuje? Msijibu haraka. Ndani ya gari lile kulikuwa na watu wawili tu, na neno lililotakiwa lilikuwa moja.

"Silioni," akasema.

Fundi alikuwa analiona, maana macho yake ni mazima. Akatazama mbele, akasema, "Basi tufunge mpya."

Zikafungwa mpya, na anazo hadi leo. Mjane alipozisikia habari zake alikuja na kuku mkononi. "Nimeshukuru, shemeji," akasema. "Angalau kifo cha mume wangu kimeleta mwanga kwenye barabara ile." Naye akampokea kuku. Angefanyaje? Mama yule alikuwa amemsamehe kosa la kutoona, na hilo hakulifanya. Lile alilolifanya hakuna aliyemsamehe, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Anaendesha gari lenye taa safi kuliko zote huko mlimani, na kila akiikaribia kona ile anatamani asingekuwa na macho.

Najua mnataka niwaambie kwamba siku moja alikwenda akapiga magoti kwa yule mama. Nimeutafuta mwisho huo wiki nzima nikiandaa mahubiri, na sikuupata. Ningewadanganya.

Sisi ndio wenye pikapu, ndugu zangu. Kila mwaka tunaomba mwanga. Bwana tufunulie, Bwana tuonyeshe mapenzi yako. Tunafanya mikesha, tunaita wahubiri wa mbali, tunanunua spika kubwa kuliko za jirani. Tunabadilisha balbu. Na ninawaambia kwa uchungu, wakati mwingine nakata tamaa na kanisa hili na mchungaji wake, kwa kuwa sidhani kama tumewahi kukosa mwanga. Huo mdogo tuliokuwa nao ulituonyesha vya kutosha. Tuliona, mguu ukalegea, tukakanyaga mafuta.

Nyuma ya shule kuna mama, mnamjua. Upepo umeezua nusu ya paa lake, na wanawe wanalala wamebanana kwenye ile nusu iliyobaki. Njia ya kuja hapa inapita mlangoni pake. Leo tulipopita alikuwa amekaa nje, tena ametuamkia, nasi tukaitikia. Msiniambie habari za giza. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa linawaka.