Kabati Lisilo na Mlango

Niwieni radhi mapema, jamaa. Hadithi hii nitaiharibu.

Zimwi lilimfungia Mwanakheri, binti wa Fundi Shekue, ndani ya kabati lisilo na mlango.

“Lipambe kwa vipande vya mbao nyembamba, fundi. Ukilitoboa, namla!”

Shekue akabandika maua. “Zidisha!” Akabandika ndege. “Zidisha!”

Mara ya tatu akapasua mbao nyembamba kutoka mlango wa nyumbani kwake, akabandika picha ya mlango. Akagonga.

“Hodi?”

“Karibu, baba,” binti akajibu. Picha ikafunguka, ikilia kama mlango wa nyumbani, akatoka, ikajifunga.

“Umelitoboa!” zimwi likanguruma.

“Nimebandika tu, bwana.”

Zimwi likapapasa kabati lote, lisione tundu. Baba na mwana wakaenda zao.

Hadithi ikiwa imepinda, msimlaumu seremala. Aliyepinda ni mimi.