Aliyeitikiwa Bwaloni

Palikuwa na chuo cha maofisa wa jeshi, ndugu zangu, na chuo hicho kilikuwa na desturi moja nzuri sana. Kila mwaka maofisa waliohitimu kozi moja walirudi kula pamoja bwaloni. Kabla ya kula, majina yote yalisomwa. Ambaye hakufika, awe amekufa au yuko mbali, aliwekewa kiti na sahani yake ya pilau, na yule ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha mwenzake huyo kule hangani, bwenini mwao, ndiye aliyesimama kumwitikia: "Yupo!" Watu wazima walikuwa wakilia.

Brigedia mmoja aliipenda desturi hiyo kuliko wote. Jirani yake wa kitanda ndiye aliyemwokoa: siku ya zoezi alimwopoa brigedia mtoni, tumbo limejaa maji, akambeba mgongoni hadi kambini. Goti aliloumia yule mwokozi siku hiyo halikupona tena, na haukupita muda jeshi likamrudisha kwao. Miaka yote brigedia alimwitikia. Kumtafuta? Hakuwahi kumtafuta. Alimpenda sana, lakini pale pale mezani.

Mwaka huo, watu wamekwisha kukaa, koplo wa langoni akaja kumnong'oneza. Alisema kuna mzee nje anachechemea, na mkewe yuko kwenye bajaji anahema kwa shida. Mzee anaomba afande aseme neno moja tu, hospitali ya kambi impokee, maana ya wilaya iko mbali. Anasema yeye na afande walilala hanga moja.

Brigedia alijua ni nani. Hilo mlielewe vizuri, asije mtu hapa akamtetea. Alijua, na moyo ukamruka. Lakini mgeni rasmi ndiyo kwanza alikuwa anaketi, majina yalikuwa yanaanza kusomwa, na yeye akitoka, nani angemwitikia rafiki yake?

"Mwambie asubiri," akasema. "Tukimaliza kuwakumbuka wenzetu, nakuja."

Mmeyasikia maneno hayo?

Jina likasomwa. Brigedia akasimama wima, akaita kwa nguvu zake zote: "Yupo!" Akapigiwa makofi, akajifuta macho. Na chozi lenyewe lilikuwa la kweli, jamani. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Walipomaliza kula, akaichukua ile sahani ya rafiki yake, haijaguswa, akaipeleka langoni kwa mikono yake mwenyewe. Bajaji haikuwepo. Koplo alisimama wima bila kumtazama usoni.

"Mama amekata roho, afande. Mzee amemrudisha nyumbani."

"Hakuacha neno?"

"Ameacha. Alisikia kwenye spika ya bwalo jina lake likiitwa, na wewe ukiitikia. Amesema mwakani usimwitikie."

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnamlaani brigedia, na huku roho zenu zimetulia kabisa. Acheni! Sisi hapa kanisani kila Jumapili tunasomewa majina ya wagonjwa wetu, na tunaitikia, tena kwa sauti nne, tumependeza na vitenge vyetu vya sare ya jumuiya: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Asikie nini? Yule mama wa jumuiya yetu, ambaye jina lake tumeliitikia tangu Kwaresima, anaishi nyuma ya ukuta huu. Spika zetu zinafika hadi kitandani kwake. Anatusikia tukimwombea, kisha anatusikia tukicheka pale uwanjani, tukiagana, tukiondoka. Nani kati yetu amebisha hodi? Nani amempelekea hata maji ya kunywa? Tunadhani anajisikiaje kule ndani jina lake linapotajwa?

Basi leo jina lake halisomwi. Simameni. Mlango uko wazi, na kwake ni hatua chache tu. Twendeni tukamwitikie huko huko kwake, na misa tutaiendeleza tukirudi.