Taa Nyeupe ya Sista Tekla

"Jicho huona mwanga, kipimo huona dawa." Mmeisikia leo wodini, mkauliza imetoka wapi. Chimbuko lake ni hili.

Katika hospitali moja ya Umatengo, Sista Tekla Komba alisimamia wodi ya watoto wachanga. Wodi ilikuwa na taa moja ya kutibia manjano, ugonjwa unaogeuza ngozi na macho ya mtoto kuwa ya njano. Mwanga wake wa buluu uliwaumiza wauguzi vichwa, na chini yake hata mshipa wa kuchoma sindano haukuonekana. Mirija yake ilipoungua, ya akiba ilikuwepo stoo, lakini Tekla alimwambia fundi aweke mirija nyeupe ya dukani. Wodi ikang'aa. Akaweka kiganja chini ya taa, akahisi joto, akaridhika.

Wiki hiyo akalazwa mtoto wa Editha Ndunguru, wa siku tatu. Manjano katika damu yake yalipimwa: kumi na nne. Kesho yake, kumi na saba. Asubuhi ya tatu, kumi na tisa. Daktari alisema yakifika ishirini, mtoto abadilishiwe damu katika hospitali ya mkoa, la sivyo manjano yangeweza kuingia kwenye ubongo, na ubongo ukiharibika hivyo hauponi. Barabara ya mkoani ilikuwa imekatika kwa mvua.

Mama mkwe wa Editha, Bibi Sabina, mkulima wa kahawa, alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Mwanangu, taa yako hii inafanya kazi?" alimuuliza Tekla.

"Huoni inavyong'aa, bibi? Haijawahi kung'aa hivi."

"Naona. Hata kahawa yangu huwa naiona imekauka. Nikifika chama cha ushirika, karani wala haiangalii. Anaitia kwenye kipimo chake cha unyevu, kisha ananirudisha nyumbani na gunia langu. Wewe, kipimo chako kiko wapi?"

Tekla alifungua kabati. Kipimo cha mwanga wa buluu, ule unaotibu, kilikuwa humo, ndani ya boksi, tangu taa ilipoletwa. Alikitoa, akakiweka pale alipolala mtoto. Kitabu cha taa kilitaka thelathini. Kipimo kilisoma nne. Akapima tena. Nne.

Akamgeukia Editha.

"Mama, taa niliyoweka haikuwa dawa. Kosa ni langu."

"Siku zote hizi, Sista?"

"Siku zote hizi."

"Basi weka iliyo dawa."

Mirija ya buluu ikatoka stoo. Kipimo kikasoma ishirini na mbili. Tekla akaishusha taa mpaka umbali ulioandikwa kitabuni, kikasoma thelathini na moja. Akamfunika mtoto macho, akamwacha na nepi tu.

"Amekuwa kama mjusi juani," alisema Bibi Sabina. "Lakini mjusi aliyepimwa."

Jioni kipimo cha damu kilisoma kumi na nane. Kesho yake, kumi na tano. Tekla alibandika karatasi kwenye mguu wa taa ili kipimo kiandikwe kila asubuhi. Juu yake aliandika maneno mnayoyasikia hadi leo.

Miezi tisa baadaye Editha alimleta mtoto kwa chanjo ya surua. Tekla alijua kuwa manjano yakigusa ubongo, masikio huumia mapema. Hakuuliza kama mtoto anasikia. Alisimama nyuma yake, akatikisa funguo za kabati. Mtoto akageuka.

"Umeridhika sasa?" aliuliza Editha.

"Mpaka apimwe masikio," alisema Tekla, akaandika barua ya kumpeleka mkoani.

Jicho huona mwanga, kipimo huona dawa.