Masizi Puani mwa Mtunza Pango

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na baraza lao ng'ambo moja ya mto, na pango lao ng'ambo ya pili. Barazani alikaa mfalme Nyati. Pangoni aliingia yeyote aliyetaka, akaomba kwa namna ya kwao, akarudi nyumbani. Na katiba yao waliichonga juu ya mwamba karibu na pango, asije mtu akasema hakuiona: *Mtawala asiamrishe sala ya mtu, wala pango lisitoe amri barazani.*

Juu ya mwamba huo aliishi pimbi mmoja, Mama Kidoto, na mwanawe wa pekee. Pimbi wana desturi yao: kila asubuhi hulala kifudifudi mwambani wakaota jua. Ndiyo sala yao. Na kwa kusuguliwa na matumbo ya pimbi miaka nenda miaka rudi, kuvu haikupata kuota pale, na maandishi yakabaki yanasomeka.

Hilo lilimkera sana Nyati. Mfalme anayetaka kufanya apendavyo ataachaje kukereka?

Basi asubuhi moja ukungu ulitanda, jua halijulikani liko wapi. Wanyama wakasikia sauti kutoka pangoni, nzito, ya kutisha.

"Huuuuu! Kuanzia leo mtaniabudu mimi peke yangu! Anayeota jua ni adui wa mfalme! Pimbi waondoke mwambani! Na mtoto wao aletwe humu kesho asubuhi!"

Swala akaanguka chini. Kima akajificha mgongoni mwa mkewe. Nyati, ambaye sijui nani alimwambia awahi pale mapema hivyo, akapiga kwato, ko! ko!

"Mmesikia wenyewe! Hiyo sasa ni sheria ya nchi."

Mama Kidoto akajitokeza mbele. "Mtukufu, katiba inasema..."

"Katiba gani tena? Sauti imeshasema. Mimi ni nani hata niipinge?"

"Wewe ni mfalme, Mtukufu. Tulikuweka ututunze. Kusali tunajua wenyewe."

"Funga mdomo! Kesho namtaka mtoto hapa."

Mara akatokea Fisi, mtunza pango, anahema. "Jamani, nilikuwa mtoni. Kumetokea nini?"

Mama Kidoto akamtazama. Puani Fisi alikuwa na alama ya masizi, duara kamili. Duara ya nini? Hakuuliza. Alimchukua Kidoto, akaenda zake.

Mchana ule alijipenyeza pangoni kwa ufa wa nyuma, ufa asioweza kuupita yeyote ila pimbi. Mlikuwa na baridi humo, na giza, na maji yakidondoka, to... to... Akapapasa papasa, akakuta chungu kikubwa cheusi kwa masizi, kimetobolewa chini. Akakinusa. Kilinuka mdomo wa Fisi.

"Loo! Kumbe!" Hasira ikampanda hadi machozi yakamtoka. Ndicho chungu alichosemea Fisi, apate kumla mwanawe!

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa mzito zaidi. Kidoto akafungwa kwa ukamba mlangoni mwa pango, akilia, "Mama! Mama yangu!"

"Mama yake yuko wapi?" akauliza Nyati.

"Amekimbia," akajibu Kima kwa aibu.

Hakukimbia. Alikuwa ndani ya ufa, nyuma kabisa ya Fisi aliyejificha pangoni, anasikia kila kilio cha mwanawe na kujiuma mkono asijibu.

Fisi akaingiza pua katika tundu la chungu. "Huuuuu! Mleteni mtoto!"

Nyuma yake kikatoka kilio chembamba, kirefu, cha kukwaruza. "Mleteni na Fisi!"

Fisi akaganda. "N-nani huyo?"

To... to... Maji tu.

"Fisi," kilio kikarudi, karibu na sikio lake, "nani alikutuma useme kwa niaba yangu?"

Manyoya ya Fisi yakasimama wima. Kisha ikaja sauti ya tatu, ya chini, isiyo na haraka.

"Tokeni."

Mawe yakatikisika. Fisi akachomoka mbio, chungu bado kimemganda puani, akamgonga mfalme kifuani, puu!

"Mpumbavu wewe!" Nyati akafoka, amesahau kwamba nchi nzima inamsikiliza. "Si nilikwambia usitoke mpaka mtoto aingie? Sasa nani atasema?"

Wanyama wakamtazama mfalme, wakatazama chungu. Kisha Kima, yule mwoga, akapanda mwambani, akaisoma katiba kwa sauti, neno kwa neno. Alipomaliza, Swala akaenda kumfungua Kidoto. Nyati akavuliwa ufalme siku ile ile, na Fisi akakimbilia mbugani akiwa na chungu chake. Pango halikupewa mtunza tena.

Mama Kidoto akatoka kwenye ufa, vumbi tupu, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Mama," Kidoto akanong'ona, "nilikujua kwa kilio chako. Lakini ile sauti ya tatu uliitoaje?"

Mama Kidoto akageuka kulitazama pango.

"Mwanangu, mimi nilisema mara mbili tu."

Wakapanda mwambani, wakalala kifudifudi, wakalingoja jua.

Basi funzo ni hili, watoto wangu: serikali ikae barazani, sala ikae moyoni, na anayevichanganya hivyo viwili mtazameni puani, huenda ana masizi.