Muuguzi Mkuu na Mwalimu Wake

Katika wodi ya watoto njiti, muuguzi mkuu alikuwa mkali kama pilipili. Wauguzi wadogo walimwita Kamanda. Alijua, wala hakuchukia. Vichanga waliokatiwa tamaa na kila mtu, yeye aliwashikilia mpaka wakaenda nyumbani wakilia kwa nguvu. Jambo moja tu lilimtoa kijasho: mtihani wa Kiingereza. Bila kuufaulu asingepata nafasi ya kusomea ubingwa wa kazi yake, na alikwisha kuanguka mara mbili, palepale: kuandika sentensi upya bila kubadili maana, na vile vitenzi vinavyogeuka kinyonga kila vikifuatwa na kineno kingine.

Nyumbani kwake aliishi mke wa mwanawe, mwalimu wa Kiingereza. Kamanda hakuwahi kumpenda. "Mwanangu kaoa vitabu," alizoea kusema, na binti yule akimeza machungu kimya.

Jioni moja Kamanda alimfuata jikoni. Ulimi ulimwia mzito.

"Mwanangu, nifundishe."

Binti alizima jiko. "Mimi, mama?"

"Wewe. Na nikikosea, usinionee haya."

Wakaketi. Kwa kitenzi *look*, Kamanda akaandika kwa madaha: *I look down on my babies*. Alidhani amesema kwamba huwainamia watoto wake kuwatazama. Binti aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa hofu.

"Sema tu, mwalimu."

"Mama, hapo umesema unawadharau. Kuwatunza ni *look after*."

Kamanda aliweka kalamu chini. "Basi hilo la kwanza ndilo nililokutendea wewe tangu uingie nyumba hii. Nisamehe, mwanangu."

Machozi yalimlengalenga binti. "Yamekwisha, mama. Haya, tuendelee."

Sentensi za kuandika upya zilipomshinda, binti alimwuliza, "Mtoto ukimgeuza kutoka ubavuni ukamlaza kifudifudi, anakuwa mwingine?"

"Aa! Ni yuleyule."

"Na sentensi ni hivyohivyo. Badili mlalo, usimpoteze mtoto."

Hapo giza likamtoka machoni. Wodini, wakati wa chai, akawa anawaomba wauguzi wadogo wamwulize maswali ya Kiingereza. Akikosea walicheka, naye akicheka nao, na ajabu ni kwamba heshima yao kwake haikupungua, ilizidi.

Matokeo yalipotoka, alimpigia simu mkwewe kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mwalimu, tumefaulu!" Binti alipiga vigelegele katikati ya somo, wanafunzi wakabaki vinywa wazi.

Kamanda akaenda, akasoma, akarudi bingwa. Wapo wakubwa ambao wangekufa kwa kiu kuliko kuomba maji kwa mdogo wao. Yeye alishusha cheo chake mlangoni mwa jiko, akaomba, akafundishwa, akapata. Asiyeamini na amwulize: mtaka cha mvunguni sharti ainame.